Nilivyoosha Pikapu ya Shosho Kabla ya Kuuliza Bei

Niliosha gari kabla ya kulipeleka kwa fundi. Nalisema mwanzoni kabisa ili msomaji anayejua magari acheke amalize, kisha tuendelee. Na sikuosha juu tu, pale watu wanapoona. Nililala chali chini yake na brashi ya kusugulia sakafu, mafuta taa kwenye kopo na sabuni ya unga, nikalisugua tumbo mpaka likang'aa kama sufuria ya harusi. Halafu nikalipeleka gereji kwa fahari, nikamwomba fundi aniambie bei kamili ya kuziba mahali panapovuja oili.

Ninao utetezi. Nimezaliwa Ukambani, na mama yangu hakuwahi kumpeleka mtoto zahanati bila kumwogesha. Hata ungekuwa unatetemeka kwa malaria, meno yanagongana, ungekalishwa kwenye karai usuguliwe masikio, daktari asije akasema watoto wa nyumba ile ni wachafu. Tulifika mbele ya daktari tukinukia sabuni, homa imepanda zaidi kwa sababu ya maji baridi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini niliosha pikapu ya jirani kabla ya kuitafutia bei, namsimulia habari ya karai, tunacheka, tunaendelea na chai.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili huwa naimeza pamoja na chai.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumejenga Kitengela nyumba ya mabati kwenye ploti yetu, wakati ambapo punda milia bado walikuwa wanakatiza nyuma ya choo bila kubisha hodi. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, watoto mapacha, na kuku wa mayai. Yaani mke alitoka asubuhi, mimi nikabaki. Wanaume wa pale kituo cha matatu waliniita Askari wa Nyumba, na sikuweza kuwashtaki kwa uongo, kwa maana kweli sipendi kutoka. Mjini nilienda nikisukumwa: chakula cha kuku kimeisha, au mtoto ameugua. Nikifika nilitafuta njia ya kurudi kabla hata sijanunua nilichofuata.

Jirani yetu wa upande wa jua kuchwa alikuwa mama wa Kikuyu kutoka Murang'a, mjane, umri umepita sitini. Mtaa mzima tulimwita Shosho, kama wajukuu wa kwao wanavyomwita bibi. Alikuwa na pikapu ambayo zamani ilikuwa nyeupe, na aliiendesha mwenyewe, kitambaa kichwani, kiti kimevutwa mbele mpaka usukani unamgusa kifua. Kila wiki alishuka nayo hadi Loitokitok kuchukua vitunguu na nyanya kwa wakulima, akarudi kuuza sokoni Kitengela. Watoto wake walikuwa wametawanyika na kusahau njia ya nyumbani. Pikapu haikusahau. Ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomtoa nje, na akiizungumzia ungedhani anamzungumzia kifungua mimba wake.

Siku moja nikapata habari kwamba kuna mfugaji, kupita Isinya kidogo, anaacha kazi ya kuku na kuuza vizimba vyake vya waya. Nilivitaka sana. Nikasimama kwenye ua wa minyaa uliotutenganisha na Shosho, nikaanza kuzunguka zunguka na maneno ya kuomba. Hakuningoja nimalize. Alinirushia funguo juu ya ua.

"Wewe Baba Mapacha, siku umeamua kutoka kwa nyumba mimi nikukataze? Chukua haraka kabla hiyo roho ya kukaa ikurudie!"

Kwenda, nilipita barabara kuu ya Namanga. Malori yalinipita yakivuma, kila moja likinivuta kidogo upande wake, nami nimeshika usukani kama mtu aliyemshika mbuzi anayetaka kukimbia. Kurudi, vizimba vimefungwa kamba huko nyuma, sikuweza tena. Nikaiacha lami, nikaingia njia ya mbugani iliyokatiza kwenye ploti mpya.

Mnaoijua Kitengela ya maghorofa mtanivumilia. Wakati ule ilikuwa nyasi mpaka macho yachoke, na ndani ya nyasi, bikoni. Kila aliyenunua ploti alipimiwa na sorovea, akapandiwa bikoni pembeni, vinguzo vifupi vya simiti vya kuonyesha mpaka, kisha akarudi Nairobi kutafuta pesa za kujenga. Nyasi zikaota, bikoni zikazama. Mwenyeji yeyote alijua ufuate alama za magurudumu yaliyotangulia, usitoke hata kidogo. Mimi niliona dimbwi la tope katikati ya hizo alama, nikaona haya kuchafua pikapu ya watu. Nikalikwepa.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu amegonga sufuria kwa mwiko mara moja, akanyamaza. Nikashuka. Bikoni ilikuwa imelala upande, kichwa chake kimevunjika kidogo. Mchungaji mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama hapo karibu na kondoo wake.

"Sopa," akasema.

"Epa," nikajibu, na hapo Kimaasai changu kikaisha.

Akaitazama bikoni, akanitazama mimi. "Hiyo ni ya mtu," akasema, akaondoka na kondoo wake.

Niliiinua ile bikoni kwa mikono, nikaikanyagia udongo pembeni kama mtu anayepanda mti. Mpaka leo sijui kama niliirudisha mahali pake au nilimwongezea mtu shamba. Kisha nikainama kuchungulia chini ya pikapu. Hakukuwa na kitu kinachodondoka. "Hakuna kitu," nikajiambia, tena kwa sauti.

Nilimrudishia Shosho funguo na trei ya mayai. Trei nzima. Jioni mke wangu alipoona stoo imepungua aliniuliza, "Kwani Shosho amejifungua?"

Asubuhi yake nilisikia naitwa kutoka ng'ambo ya ua.

"Baba Mapacha! Njoo uone maneno."

Chini ya pikapu kulikuwa na duara jeusi, kubwa kama sinia. Shosho alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, amevaa tayari kwenda safari. Hakunitazama kama mtu anayenishuku. Alinitazama kama mtu anayetafuta msaada, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana mdomo wangu ulikuwa umefunguka useme kweli na ukapata nafasi ya kusema kitu kingine.

"Hii gari imezeeka, Shosho," nikasema.

"Imezeeka," akakubali polepole. "Hata mimi nimezeeka." Akaipapasa boneti. "Sasa vitunguu vyangu viko Loitokitok, vimeng'olewa, vimelala kwa shamba ya watu. Na kuna yule broka wa magari, kila wiki ananiambia mama niuzie hiyo takataka. Kama kutengeneza ni kitu kidogo, nitengeneze. Kama ni kubwa, namuuzia, nikodi kibanda sokoni niwe nauza vitunguu za watu wengine. Lakini nataka bei ya kweli. Mimi nikienda gereji wanaona kitambaa ya kichwa, wanaongeza. Wewe umesoma. Wewe uniulizie."

Kwa hiyo ndivyo nilivyoteuliwa kutafuta bei ya kweli, mimi, mtu pekee wa Kitengela nzima aliyekuwa na sababu ya kuificha.

Nilikwenda gereji kwanza kwa miguu, kuuliza mtu hujiandaa vipi. Fundi alikuwa mnene, kofia ya sufu kichwani jua likiwaka, anakula chapati juu ya boneti ya gari la mteja.

"Bei ya mdomo sina," akaniambia akitafuna. "Gari iko nyumbani, wewe uko hapa na viatu vya vumbi. Nikisema ndogo utanishikilia. Nikisema kubwa utaenda kwa yule wa ng'ambo, atakudanganya vizuri kuliko mimi."

"Sasa nikulete nini?"

"Leta gari, na uniletee habari yake. Usiniambie injini imekufa, hiyo ni kazi yangu kusema. Wewe sema vile umeona. Imeanza kuvuja lini, ikiwa moto ama ikiwa baridi. Nani alifungua mwisho na akaweka nini. Tandika katoni chini yake ikilala, tujue tone inaangukia wapi. Na kama iligongwa mahali, niambie. Hiyo ndiyo ya kwanza."

"Sawa," nikasema.

"Na usiniletee ikiwa imetengenezwa tengenezwa. Ilete vile iko."

Hilo nalo nililisikia. Nataka ijulikane kwamba nililisikia.

Nilijiandaa kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa jambo langu mwenyewe. Nilipasua katoni ya vifaranga nikaitandika chini ya pikapu, na asubuhi nikalikuta doa limekaa mbele, katikati, chini kabisa ya sampu, lile bakuli la chuma linalobeba oili ya injini. Nilimuuliza Shosho gari lilifunguliwa lini mara ya mwisho, akanieleza mpaka sura ya fundi aliyelifungua. Nilimuuliza linatumia oili gani, linachemka likipanda mlima au la, taa nyekundu imewahi kuwaka au haijawahi. Alijibu yote. Alifurahi kuulizwa. Alisema watoto wake hawajawahi kumuuliza hata swali moja juu ya ile pikapu.

Kisha nilifanya mazoezi ya kuongea. Niliwasimamia kuku wangu asubuhi, debe la chakula mkononi, nikawaeleza: ilianza kuvuja juzi, inavuja ikiwa imelala, doa liko mbele, oili ilibadilishwa kabla ya mvua. Kuku walinisikiliza vizuri. Ni wasikilizaji wazuri kuku, mradi debe liko mkononi. Lakini kila nilipofika mahali pa kusema kama gari liligongwa, nilirukia neno jingine. Nilirudia tena na tena, na mara zote hotuba ilikuwa na shimo mahali palepale.

Sababu haikuwa pesa, ingawa pesa sikuwa nazo. Shosho angenisamehe gharama, tungepanga tu. Ni kwamba alikuwa ndiye mtu mmoja katika mtaa ule ambaye hakuniita Askari wa Nyumba. Aliniona mtu. Alinipa funguo bila kuniuliza kama najua gia. Nilifikiri nikimwambia kwamba mara moja tu niliyotoka niligonga bikoni kwa sababu ya kuogopa malori, na kwamba nilimdanganya mchana kweupe nimesimama juu ya oili yake, ningebaki na ule ua wa minyaa peke yake.

Ndipo nikaingia chini ya pikapu kutazama. Ilikuwa imeandikwa pale, mtu yeyote angesoma. Sampu ilikuwa na bonde dogo, juu ya bonde mkwaruzo mweupe wa simiti, na kwenye kona ya fremu, majani makavu ya mbugani yamebanwa kama maua. Fundi angetazama mara moja tu na kusema hii imepanda bikoni. Nami sikuwa nimeota kwamba bikoni ingeweza kuacha mwandiko.

Nikachukua brashi.

Maji Kitengela yalikuwa ya kununua kwa mwenye mkokoteni wa punda, na nilitumia mitungi tuliyokuwa tumeweka ya kufulia sare za mke wangu. Nilisugua simiti ikatoka. Nilichomoa majani moja moja. Nilisugua na sehemu nyingine zote pia, ili ile safi isionekane peke yake. Halafu nilichota grisi kuukuu kwa kidole, nikaipaka kwenye bonde na kwenye mkwaruzo mpaka pakawa peusi sawasawa na pengine. Nilipofika hapo habari ya mama yangu na karai ilikuwa imeisha kabisa. Nilikuwa naficha, na mikono ilijua inaficha, kwa maana ilikuwa inafanya haraka.

Shosho alikuja akanikuta nimelala pale chini, miguu tu nje. Aliniletea uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati. Aliinama, akanichungulia, uso umegeuzwa.

"Ai, Baba Mapacha. Hata tumbo unaosha?"

"Ndiyo fundi aone vizuri, Shosho."

Akasema, si kwangu, kama anajisemea, "Mtoto wa kuzaa hangenifanyia hii."

Nilikunywa ule uji. Sikuweza kuukataa, na sikuweza kuumeza, kwa hiyo niliunywa kwa muda mrefu sana.

Tulipoongeza oili na kwenda gereji, Shosho alisema anakuja lakini hatashuka. "Mimi nitakaa ndani kama mzigo. Wewe ongea." Alikaa kweli, mkoba mapajani, dirisha limefunguliwa masikio yapite. Fundi akaingia chini ya pikapu juu ya gunia. Akakaa huko. Nikaona viatu vyake vimesimama, vikajikunja, vikasimama tena.

"Nani ameosha hii?" sauti ikatoka.

"Ni mimi," nikasema.

"Umeosha na nini, na wembe?" Akatoka, uso umejaa jasho. "Nilikuambia ilete vile iko. Umeniletea maiti imeoshwa na kuvalishwa suti, sasa unaniuliza ilikufa na nini. Oili ndiyo ingenionyesha njia. Ingekuwa imeshuka na laini yake, naifuata mpaka juu. Sasa naona grisi na harufu ya mafuta taa."

"Nilifikiri ni heshima," nikasema, na sehemu hiyo ilikuwa kweli, ndiyo maana niliisema kwa nguvu.

Akajipangusa mikono. "Sikiza. Hapa kuna bei mbili. Kama iligongwa chini, ni sampu imepasuka. Nafungua, nachomelea, naweka gasketi mpya, jioni unaenda nayo. Kama haikugongwa, basi oili inatoka sili ya nyuma, ile raba ya kuzuia oili, inatembea inakuja mbele. Kufika kwa hiyo sili lazima injini yote itoke. Hiyo ni kazi ingine kabisa. Sasa niambie. Iligongwa?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Lilikuwa dogo kuliko yote niliyowafundisha kuku.

Nilichelewa kidogo, na Shosho akatoa kichwa dirishani.

"Mimi sijagonga kitu tangu mzee wangu anifundishe kuendesha," akasema. "Hata kuku."

"Na nani mwingine ameendesha?"

"Ni huyu tu, alienda nayo Isinya. Na huyu hawezi gonga kitu." Akacheka, akanionyesha kwa kidevu. "Huyu anaendesha kama amebeba mayai kwa mapaja."

Fundi akanitazama. Nikatikisa kichwa. Sikusema hapana, na kwa muda mrefu baadaye nilijifariji kwa hilo, kwamba sikuitamka. Lakini kichwa kilitikisika kushoto na kulia, watu wawili wakakiona.

"Basi ni sili ya nyuma," fundi akasema, akataja bei ya kutoa injini.

Shosho akafunga dirisha taratibu, akizungusha kile kishikio cha mlangoni mpaka mwisho.

Tulipofika kwake alishuka, akafungua mlango wa nyuma na kuufunga tena bila sababu, kama mtu anayekagua chumba cha mgeni aliyeondoka. Kisha akanigeukia na kunishika mkono.

"Asante, Baba Mapacha. Angalau nimeambiwa kweli. Ningeenda peke yangu wangenizungusha, nitengeneze hii, nitengeneze ile, mpaka niuze hata kitanda. Kesho nitamwambia huyo broka akuje."

Aliniambia asante. Nilirudi nyumbani nikawamwagia kuku chakula cha siku mbili kwa mara moja. Mke wangu alipofika na kuniona nimekaa juu ya debe aliniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi inuka upike, mbona unakalia sufuria ya mawazo?" Nilipika. Nilitia chumvi mara mbili, na mapacha wakakataa kula.

Broka alikuja asubuhi, miwani ya jua, kalamu kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nyuma ya ua wa minyaa na ufagio, nafagia mahali pasipokuwa na taka. Nilimwona akiizunguka ile pikapu, anapiga magurudumu teke moja moja, anacheka peke yake.

"Mama, hii ni ya kuuza kwa kilo," akasema. "Injini ya kutoa nje? Hapo mimi nanunua chuma. Hata hiyo bei ya wiki iliyopita siwezi tena."

"Wiki iliyopita ulisema ni gari nzuri," Shosho akasema.

"Wiki iliyopita haikuwa inavuja, mama."

Shosho alinyamaza. Sijawahi kumwona akinyamazia bei. Huyu ni mama ambaye nilimsikia kwa masikio yangu akibishana na mwuza kabichi mpaka mtu yule akasahau ni nani anauza. Alisimama tu, funguo mkononi, anazigeuza geuza, na nikaona kidole chake kinaanza kutenganisha ufunguo wa gari na ule wa nyumba.

Sikumbuki kuweka ufagio chini. Nakumbuka nimeingia kwa Shosho nao mkononi, na broka akarudi nyuma akidhani nimekuja kupigana.

"Shosho, usiuze."

"Huyu naye ni nani?" broka akauliza.

"Ni jirani," Shosho akasema. "Baba Mapacha, kwani kuna nini?"

"Si sili. Ni sampu. Niligonga bikoni, Shosho. Ile siku ya Isinya. Niliogopa malori, nikapita mbugani, nikagonga bikoni. Fundi atachomelea tu, jioni irudi. Si injini."

Broka akavua miwani.

"Bikoni gani?" Shosho akauliza.

"Sijui ni ya nani. Niliirudisha."

"Uliirudisha." Akalirudia neno kama analionja. "Na jana ukiwa gereji, bikoni ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa naijua."

"Na fundi akikuuliza?"

"Nilikuwa naijua, Shosho."

"Na kuosha? Na hayo mafuta taa yote?"

"Kulikuwa na alama ya simiti. Niliosha itoke. Halafu nikapaka grisi."

Broka akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeona biashara inateleza na anataka kuishika mkia. "Mama, huyu anakuharibia bei tu. Pengine anataka kuinunua yeye. Leta funguo tumalize."

"Wewe," Shosho akamwambia bila kumtazama, "panda baiskeli yako uende."

"Nilikuja na gari, mama."

"Basi panda hiyo gari uende."

Alikwenda. Tulibaki wawili na pikapu. Shosho alipiga magoti, taratibu, mkono mmoja kwenye bampa, akachungulia chini. Akaingiza kidole. Akakitoa kikiwa na grisi, akakitazama, akakipangusa kwenye nyasi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji, na nilijua hayakuwa ya pikapu.

"Mimi nilikuletea uji," akasema.

Nilianza kusema pole. Niliisema kwa Kiswahili, nikaisema kwa Kikamba, nikajaribu Kikuyu kidogo nilichookota sokoni, nadhani nilimwambia kitu kingine kabisa. Nilimwambia nitalipa kuchomelea, nitampa trei kila wiki, nitakwenda hata Loitokitok kwa miguu kubeba vitunguu. Nikaanza hata kulia, mtu mzima na ufagio wake. Na mwisho wa yote, aibu yangu ikiwa haijashiba, nikamwomba afuatane nami gereji tena, akae tu ndani kama jana, maana sikujua nitamtazama fundi namna gani nikimwambia kwamba niliosha kwa kusudi.

Shosho akauchomoa ufunguo wa gari kwenye pete, akauweka mkononi mwangu, akaenda mpaka mlangoni kwake. Hapo akageuka.

"Uligonga ukiwa peke yako, sasa enda ukamwambie fundi ukiwa peke yako. Na ufunge hiyo geti ukitoka, mbuzi za watu zinamaliza kunde yangu."